Fungu la Mwisho la Bata Mzinga

Mkinikuta siku moja nimekaa barazani kwangu Tibirinzi na mpita njia akasimama kuniamkia, msiondoke haraka. Subirini salamu ziishe. Ataniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kisha atauliza lile alilokuwa akilitaka tangu mwanzo: "Na Bi Raya, hajambo?"

Bi Raya hajambo. Sijapata kumwona Bi Raya akiwa na jambo. Ofisi yetu ya lishe ilikuwa na chumba kimoja, meza mbili na feni moja, na muda wote wa utumishi wangu feni ile ilipenda kuelekea mezani kwake. Tulisoma chuo kimoja, darasa moja, tukarudi Pemba na vyeti vya rangi moja. Mtihani wa mwisho nilimpita alama kidogo. Naliandika hili kwa sababu najua hakuna mtu mwingine atakayeliandika.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuwaambia watu wale nini mmeniomba niwape machache niliyoyaokota. Nimestaafu kwa hiari, nywele zangu hazijakubaliana bado kama ziwe nyeusi au nyeupe, na muda ninao. Basi nitawaeleza habari ya nyama ya bata mzinga. Ndilo somo nililolifundisha kwa bidii kuliko yote, na ndilo Bi Raya alilonipokonya mbele ya macho yangu, nyumbani kwa kaka yangu mwenyewe.

Kwanza yale ya kweli, ili hata mkiacha kusoma hapa muwe mmepata kitu. Nyama ya bata mzinga, hasa ya kidari ikishatolewa ngozi, ina protini nyingi na mafuta machache. Protini ndiyo inayomjenga mtoto na kuizuia misuli ya mzee isinywee. Ina vitamini za kundi B, zinazousaidia mwili kukigeuza chakula kuwa nguvu na kutengeneza damu, na ina madini ya zinki na seleni yanayoisaidia kinga. Nyama ya mapaja ni nyeusi zaidi. Ina mafuta zaidi kidogo, lakini na madini ya chuma pia yamezidi, kwa hiyo mama mjamzito msimnyime paja. Mtu aliyezoea nyama ya ng'ombe yenye shahamu, akiiacha na kula hii mara kwa mara mahali pake, anaupa moyo wake nafasi ya kupumua. Hayo maneno "mahali pake" yashikeni vizuri. Ukila bata mzinga juu ya ng'ombe umeongeza shibe tu.

Tena si dawa. Mtu wa presha ameze vidonge vyake. Mtu wa figo amuulize daktari kwanza ale nyama kiasi gani. Samaki abaki pale pale alipo kwenye sahani, na maharage, na mchicha. Na wanaosema nyama hii inaleta usingizi, waitazame vizuri sahani ya pilau iliyokuja nayo.

Haya niliyowaandikia kwa mistari michache, mimi nilikuwa nikiyasema kwa muda wa kupika wali ukaiva na ukapoa. Nilikuwa na kitambaa kikubwa chenye picha ya bata mzinga, mishale imetoka kila upande wa mwili wake kama mtu aliyeuawa vitani, na kila mshale una jina la kirutubisho. Nilikitundika Kisiwa Panza mara ya kwanza, mbele ya watu wanaoamka na bahari na kulala na bahari. Nikamaliza. Nikauliza kama kuna swali. Mzee mmoja akanyanyua mkono.

"Bwana, tumekufahamu. Sasa huyu avuliwa wapi?"

Walicheka mpaka mishale ikatikisika. Mwingine akauliza kama ni halali, maana hajapata kumwona ndege mwenye shingo kama hiyo, nyekundu, imekunjamana, inaning'inia kana kwamba amevaa matumbo kwa nje. Kwa bahati shehe wa pale alikuwapo. Akasema ndege huyu anakula nafaka na majani, hana kucha za kuwindia, akichinjwa kwa jina la Mungu ni kama kuku, basi mwacheni bwana amalize tukasali. Nikashukuru, ingawa nilikuwa nimeshamaliza.

Bi Raya alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Zamu yake ilipofika hakusimama. Aliuliza tu, "Nani hapa mamaake hawezi tena kutafuna nyama ya ng'ombe?" Mikono ikainuka. "Mwampa nini?" Wakamwambia: mchuzi, mchuzi, mchuzi mtupu. "Basi huyo mama anakula maji yenye chumvi. Njooni niwaonyeshe jinsi ya kulainisha kidari." Wakamfuata jikoni wote, na mimi nikabaki na kitambaa changu nikikikunja peke yangu, mshale kwa mshale.

Mkuu wetu wa kwanza wa kazi, mzee mpole aliyekuwa akisema kwa sauti ya chini mpaka ukalazimika kumwinamia, aliniita baada ya safari ile. "Faki," akaniambia, "mtu hali vitamini. Mtu hula mkono wa mtu. Muulize kwanza nani ampikiaye." Ni neno zuri, lichukueni. Mimi nililichukua, ila lilinikaa vibaya, kwa sababu nilijua Bi Raya hakuhitaji kuambiwa.

Hapa niwape ya jikoni kabla sijasahau. Bata mzinga ni mkubwa na nyama yake ya kidari hukauka upesi. Ukimpika kama kuku utatafuna kamba. Mkate vipande, mwoshe kwa ndimu, msugue tangawizi na kitunguu thomu na papai bichi lililosagwa, mwache apumzike. Kisha moto mdogo na kifuniko kizito. Ngozi unaweza kumwachia wakati wa kupika ili asikauke, lakini itoe kabla ya kupakua, na mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi yaenguliwe. Chumvi iwe ya kuonja. Ndimu hufanya nusu ya kazi ya chumvi na haimpandishi mtu presha.

Na tui. Enyi vijana wangu, tui! Hili ni kosa ambalo vitabu vyetu vya chuo havikulijua, kwa sababu walioviandika hawakulelewa na nazi. Nilifundisha Wambaa, kijijini kwetu, kwamba nyama hii haina mafuta mengi. Wanawake wakanisikiliza kwa adabu. Niliporudi wakanikaribisha chakula, na ndani ya bakuli nikamkuta bata mzinga wangu asiye na mafuta anaogelea katika tui la kwanza, zito, jeupe, la nazi sijui ngapi, limeng'aa juu kama kioo. Nikauliza kwa upole kwa nini. "Si ulisema hana mafuta, Bwana Faki? Tumemwonea huruma, tukamtilia."

Nilitoa mhadhara. Sikumbuki hata mmoja aliyeubadilisha mkono wake. Bi Raya alipofika baada yangu alionja, akafumba macho, akasema, "Tamu! Hili tui la harusi. Nani anaoa?" Hakuna anayeoa. "Basi la kwanza muwekeeni bwana harusi. La Ijumaa hivi hivi, mtilieni tui la tatu." Wakacheka, na tangu siku hiyo mtu wa Wambaa akizidisha nazi huulizwa nani anaoa. Mimi niliusema ukweli ule ule. Ni kama mtu aliyelima shamba akamwona jirani anavuna, tena jirani mwenyewe anamkaribisha mavuno.

Sasa nije kwa Kaka Hamad.

Kaka Hamad ni mkubwa wangu, baba mmoja mama mmoja. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Haiulizwi, haigawanywi, mpishi akiisahau sufuriani kuna kesi. Alikuwa akiila baba. Baba alipofariki ikahamia kwenye sahani ya Kaka Hamad, na mimi, mtoto wa pili, nikabaki nikiitazama ikipita. Nimekula firigisi nyumbani kwangu mwenyewe, ndiyo, lakini hiyo haihesabiki. Firigisi nitakayo mimi ni ile inayotoka mkononi mwa Kaka.

Kazi yake ilikuwa bahari, lakini sifa yake ilikuwa nchi kavu. Vyombo vikishusha samaki Wambaa, Kaka ndiye aliyekuwa akigawa mafungu. Anamwaga, anapanga chini, mkubwa hapa, wadogo watatu pale, mkia wa huyu kufidia kichwa cha yule, na watu wenye ugomvi wa miaka wanachukua mafungu yao kimya. Kanuni ni moja na kila mtoto anaijua: mgawaji hachagui. Wengine wote wachukue, yeye hubebeshwa fungu la mwisho. Kwa hiyo atagawa sawa, maana hajui litakalobaki ni lipi.

Kisha akapata kiharusi. Kidogo, wakasema hospitali, lakini mdomo ulikwenda upande na mkono wa kushoto ukawa mzito. Presha ilikuwa juu na mafuta kwenye damu yalikuwa mengi. Daktari akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi na aiache nyama yenye shahamu, la sivyo kingine kitakuja na hakitakuwa kidogo. Na kaka yangu mapenzi yake ni ng'ombe, tena ile sehemu ya nundu, nyeupe, inayotikisika ukiishika. Tangu mkono umwangushe hakwenda tena ufukweni. Alikaa barazani akila nundu na kutazama njia.

Nilimwogopea. Hilo sina mzaha nalo. Kila simu ikilia kutoka Wambaa moyo wangu ulikuwa unaniruka kabla ya mkono kuishika.

Mwenye elimu ni mimi, nikasema, basi nitamwokoa mimi. Nikampelekea bata mzinga wawili, jike na dume, nikamkalia barazani na mhadhara wote, pamoja na mishale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma sana, mdogo wangu," akaniambia.

"Kwa hiyo utamchinja?"

Akamtazama yule dume. Dume wakati huo alikuwa amejitanua mkia, ameziburura mbawa, anamfukuza mbuzi wa jirani huku akipiga kelele zake za gurugurugu. Jirani mwenyewe alikuwa amesimama nje ya ua, hathubutu kuingia.

"Huyu nimchinje? Yakhe, huyu askari. Tangu umlete hakupita mwizi wala mdai hapa."

Hakumchinja. Alimwita Askari, akampa muhogo kutoka mkononi mwake mzima. Na nyama ya nundu ikaendelea kuja. Niliporudi tena Askari alinizuia kwenye njia ya kuingilia, mimi niliyemleta kwenye boksi, nikasimama kwenye jua nikipiga hodi kama mgeni.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Shemeji Mize, mke wa Kaka, alichoka kuogopa. Akachukua simu, akampigia mtu wa lishe. Mimi ni mdogo wa mumewe. Mimi ni mtu wa lishe. Akampigia Bi Raya.

"Sikutaka kukusumbua, shemeji," aliniambia baadaye. Kama kuna sentensi katika Kiswahili inayouma kuliko hiyo, sijafundishwa.

Nilifuatana na Bi Raya kwenda Wambaa. Nilisema nakwenda kumtambulisha, ingawa alikuwa anajulikana pale kuliko mimi niliyezaliwa hapo. Tulipofika uani Askari akainua kichwa, akamtazama Bi Raya toka utosi wa kichwa mpaka kandambili, akasogea pembeni. Hata kelele hakupiga. Kisha akanifuata mimi.

Bi Raya alikaa kwenye jamvi mlangoni, akanywa maji, akauliza hali ya kila mtu. Hakusema presha. Hakusema nundu, ingawa bakuli lilikuwa pale pale na inzi wake. Nilimkonyeza aanze. Hakuanza.

"Kaka Hamad," akasema mwishowe, "mie nina tatizo, na nimeambiwa mwenye kuliweza ni weye."

"Tatizo gani hilo la kunijia mie? Mie mgonjwa."

"Wanawake wa hapa wamekubaliana kufuga bata mzinga. Ila mmoja ni mkubwa mno kwa nyumba moja, na friji hawana. Nikawaambia wachinje mmoja kila Ijumaa, kila nyumba ichukue fungu, kama samaki."

"Vyema hivyo."

"Si vyema hata kidogo! Ijumaa ilopita wamegombana. Huyu kapewa shingo, yule mapaja mawili, mwengine kaondoka na mbawa analia. Wawili hawasemezani mpaka leo. Wagawa kama wanagombania urithi."

Kaka akacheka puani. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. "Nani alogawa?"

"Mwenye bata."

"Mwenye bata! Mwenye mali agawe yeye, na achague yeye? Hiyo si kugawa. Hiyo ni kutoa sadaka."

"Ndiyo nimekuja."

Kaka akautazama mkono wake wa kushoto. "Huu haufanyi kazi, Bi Raya."

"Waliokusifia kwangu hawakusifia mkono," alisema Bi Raya. "Walisifia jicho. Atakata mwengine. Weye upange."

Shemeji Mize alikuwa amesimama ndani ya mlango, kanga ameing'ata kwa meno. Na mimi, niwaambieni kweli, katikati ya furaha kubwa niliyokuwa nayo nilisikia kitu kinanichoma hapa kifuani, chini ya mfuko wa shati. Kwa sababu nilikuwa nikiijua ile kanuni ya ufukweni tangu utotoni. Nilikuwa najua jicho la kaka yangu. Nilikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Bi Raya, na alama zaidi kidogo, na sikulifikiria.

"Ijumaa baada ya sala?" akauliza Kaka.

"Kabla," alisema Bi Raya. "Baada ya sala watu wana njaa, watakudhulumu."

Mmeshaona mtego ulipo. Mgawaji hupewa fungu la mwisho. Fungu la mwisho liliingia jikoni kwa Shemeji Mize kila Ijumaa, likiwa ni haki ya Kaka, jasho la jicho lake, na nyama ya haki yako huitupi kumpa paka. Bi Raya alikuwa ameshampa Shemeji somo la papai na tui la tatu. Kaka akala. Mara ya kwanza alisema ni kama kuku aliyesoma. Mara ya pili hakusema, alisogeza sahani aongezwe. Baadaye fungu moja la Ijumaa likawa halimtoshi, akaanza kufuga vifaranga vya yule jike wangu. Na kwa kuwa yeye sasa ndiye mwenye kuwaambia watu ubora wa kidari juu ya paja, aliona aibu kukutwa na nundu barazani. Nundu ikapungua, kisha ikabaki ya sikukuu. Alitembea mwenyewe mpaka anapogawa, kwenda na kurudi. Vidonge alikuwa akivimeza, maana Bi Raya alimwambia mgawaji asiyemeza dawa macho humdanganya.

Aliporudi kliniki daktari alimpima, akapima tena. Presha ilikuwa imeshuka. Nilikuwapo, nilimpeleka mimi, petroli yangu.

"Bi Raya kanitoa kaburini," alimwambia daktari.

"Na vidonge," nikasema, kwa ajili ya elimu.

"Na vidonge."

"Na kutembea. Na kupunguza chumvi. Na kuiacha shahamu. Bata mzinga peke yake asingeweza, Kaka, yeye amekaa tu mahali pa nundu."

"Ndiyo, ndiyo. Na hayo."

Nilisubiri. Daktari naye, mtu mwenye huruma, akanitazama kana kwamba anasubiri pamoja nami.

"Na weye," alisema Kaka akinipiga begani, "ulileta Askari."

Sasa kuna Ijumaa moja, si ya zamani, nilikuwa nimeshastaafu. Kaka alitualika Wambaa chakula cha mchana, mimi na Bi Raya. Alikuwa amechinja bata wake mwenyewe, kijana wa kidari kipana, mtoto wa Askari. Askari yu hai mpaka leo na hajanisamehe kosa nisilolijua. Wanaume tulikaa ukumbini kuzunguka sinia, wanawake ndani, pazia katikati. Wali mweupe, mchuzi wa tui jepesi, mchicha, kachumbari, na juu ya wali nyama iliyokatwa vizuri bila ngozi. Na juu ya nyama, mbele kabisa ya Kaka, firigisi.

Hamjapata kuiona firigisi ya bata mzinga? Ya kuku ni tonge moja, unaimeza kabla hujaisikia. Hii inaujaza mkono. Ilikuwa imekolea tangawizi, inang'aa, imekaa pale kama mfalme.

"Leo mie siili," alisema Kaka. "Siku zote naila mie. Leo apewe mgeni wangu, aloniinua pale barazani."

Akaiinua kwa vidole vyake vya mkono wa kulia. Nikajikuta nimenyoosha mgongo. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema; nilikuwa nimeliandaa tangu utotoni. Nilikinga hata kiganja.

"Mize!" akaita. "Njoo uchukue hii, mpe Bi Raya."

Shemeji akatoa mkono nyuma ya pazia. Firigisi ikapita mbele ya pua yangu kama ilivyopita maisha yangu yote, ila safari hii ilikuwa kubwa zaidi na ilichukua muda mrefu zaidi kupita. Ndani nikasikia mshangao, kisha vigelegele. Firigisi kupewa mwanamke, na mwenye nyumba yupo! Mwanamme mmoja pale sinia akasema "Subhanallah" na kuendelea kula. Mimi nilimega wali nikautia mdomoni.

Mlo ukaendelea. Mara nikasikia sauti ile niliyoizoea upande wa pili wa feni.

"Bwana Faki!"

"Labeka."

"Sogea mlangoni."

Nikasogea. Pazia likafunguka kidogo, likatoka sahani. Juu yake firigisi, imekatwa nusu kwa nusu.

"Hii huzidisha kidogo mafuta ya kwenye damu," alisema Bi Raya. "Nzima ni nyingi kwa watu wa umri wetu. Weye ndo uliyenifundisha, pale Kisiwa Panza. Ulikuwa mshale wa chini kabisa, kushoto. Nilikuwa nasikiliza."

Nyuma yangu Kaka akasema, "Alokata nani?"

"Mie," akajibu Bi Raya.

"Basi weye huchagui. Faki, chagua."

Ukumbi wote ulinitazama. Niliinamia ile sahani. Niliitazama nusu ya kulia, nikaitazama ya kushoto, nikaizungusha sahani, nikazitazama tena kwa upande wa mwanga. Nilisikia Kaka anacheka, ule mdomo wake uliobaki umepinda kidogo, na nikafikiri kwamba mtu huyu angeweza kuwa chini ya udongo nami nikala firigisi zote za nyumba hii bila kupingwa. Nikachukua ya kulia. Ilikuwa laini, tamu, papai limefanya kazi yake. Nilikula taratibu, nimesimama mlangoni.

Nasema tu, kwa kuwa mmeniomba niwaeleze yale niliyojifunza kazini: nilichagua mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa kanuni ya haki kuliko zote ninazozijua. Na bado ile ya kushoto ilikuwa kubwa zaidi.